Mama Mashineni

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na unga wa moto bado hunisimamisha njiani. Nikikutana nayo popote, narudi Sumbawanga, niko darasa la tano, kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa nyuma ya soko.

Mashine hiyo ilikuwa ya shirika la umma, na mama yangu alifagia pale miaka mingi. Kisha mali za mashirika zikaanza kuuzwa, mtu binafsi akainunua, mafundi wakapunguzwa kazi. Mama alituambia tu kwamba yeye kabakizwa. Hatukuuliza kabakizwa kufanya nini. Kwa akili zetu, mwenye ufagio hubaki na ufagio.

Jumamosi moja nilimsindikiza rafiki yangu Oliva kusaga mahindi; alikuwa amehamia shuleni kwetu majuzi kutoka kijiji cha Kate, na hakuwa amewahi kumwona mama. Upepo wa Juni ulikuwa mkali, nasi tumejikunyata ndani ya masweta. Tulifika mlangoni. Kando ya injini alisimama mtu mwenye ovaroli la bluu, grisi hadi kwenye viwiko, nyusi nyeupe kwa unga. Alizungusha hendeli mara moja, mara mbili, injini ikakohoa, ikanguruma. Alipogeuka, alikuwa mama.

Sikuwahi kumwona mama kavaa suruali. Hata bustanini alikwenda na kanga kiunoni.

Baba mmoja aliyetutangulia aliinua gunia lake la ulezi, akalirudisha kwenye baiskeli. "Injini si jiwe la kusagia," akasema. "Nitarudi akiwepo fundi." Wengine wawili wakamfuata. Mwenye mashine alisimama dirishani akiwatazama wanavyoondoka, na hata mimi nilielewa kwamba wakizidi kuondoka, mama naye ataachishwa kazi.

Oliva akaninong'oneza, "Unamjua yule?"

Mama alikuwa ananitazama. Nilifungua mdomo, likatoka neno lile tunalomwambia mwanamke yeyote wa makamo.

"Shikamoo, mama."

Alijifuta grisi kwenye ovaroli. "Marahaba, mwanangu," akajibu, kama ambavyo angemjibu mtoto yeyote. "Mnasaga dona au mnakoboa?"

"Dona," nikasema.

Oliva hakugundua lolote.

Jioni nilingoja kugombezwa. Mama alinawa, akafunga kanga yake, akasonga ugali, akanipakulia kama kawaida.

Wale wanaume walirudi mmoja mmoja, maana unga wake ulitoka laini na mashine haikulala. Yule wa ulezi alirudi wa mwisho, na alisalimia kwa urefu usio wa kawaida. Mama aliendesha mashine ile mpaka nikamaliza sekondari, akawafundisha kazi hiyo wasichana wawili.

Mimi nikawa fundi umeme. Siku nilipopanda nguzo kwa mara ya kwanza, watu walikusanyika chini kumtazama mwanamke aliye juu ya nguzo, wengine wakicheka. Nilipofika nyumbani ndipo nikathubutu kumwuliza.

"Mama, siku ile mashineni, ulijua nakukana?"

"Nilijua," akasema. "Ningekuita kwa jina, ungelazimika kuchagua mbele ya mwenzako. Ulikuwa mdogo."

Miaka yote nilidhani ni mimi niliyemficha mama. Kumbe yeye, huku wanaume wakibeba magunia yao na bosi akimpima kwa macho, alipata nafasi ya kunificha mimi.