Manyoya Yanayopanda, Manyoya Yanayoshuka

Kwilti kubwa ya kwanza kutoka kwenye karakana yetu ya Kariobangi ilikuwa na manyoya yanayopanda upande mmoja na yanayoshuka upande wa pili. Mteja hakulalamika. Aliipokea, ikatandikwa kitandani kwake katika mtaa wa Fedha, naye akatuma salamu kwamba ameipenda. Lakini jibu lake kuhusu manyoya hayo ndilo lililotarajiwa kuamua ni nani kati ya wanawake wawili angebaki na kazi. Mmoja wao alikuwa mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa akishona mapazia na foronya pamoja na wasichana wanne. Kisha familia moja ya wageni waliokuwa wakihama nchi ilimuuzia mashine ambayo hakuna mtu Kariobangi aliyekuwa ameiona. Ilikuwa mashine ya kushonea kwilti, yaani kifuniko cha kitanda chenye matabaka matatu: kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini. Matabaka hayo hushikanishwa kwa mishono inayozunguka kote, na mishono hiyo ndiyo urembo wenyewe.

Shingo ya mashine hiyo ilikuwa ndefu kuliko mkono wa mtu mzima. Haikukaa juu ya meza kama cherehani. Ilisimama juu ya reli, kwenye fremu ya chuma iliyojaza chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Ili iingie, mabati ya mbele yaling'olewa. Aliyeyarudisha alikuwa fundi wa masanduku wa mlango wa pili, na tangu siku hiyo alijiona ana haki ya kuingia kututazama kila alipochoka kugonga bati.

Mama aliyeuza mashine alimwonyesha Madam mtindo mmoja tu wa urembo kabla ya kuondoka, ule wa manyoya. Unashona mstari mmoja uliopinda kidogo, ambao ni uti. Kisha unarudi ukiuzunguka kwa manyoya, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na umbo la nusu ya moyo. Unapanda, unazungusha kichwa, unashuka hadi kwenye uti, unarudi juu ya mshono uleule kiasi kidogo, unaanza lingine. Sindano haiinuliwi na uzi haukatwi mpaka mwisho.

Madam alituchagua wawili tujifunze. Mimi nilikuwa na cheti cha ushonaji na miaka kadhaa kwenye cherehani ya miguu katika duka dogo mtaani Umoja. Mwenzangu alikuwa msusi. Alikuwa amesuka nywele sokoni Kariobangi hadi vibanda vilipobomolewa, ndipo akaja kwa Madam kukata nyuzi na kupiga pasi. Madam alisema wazi siku ya kwanza kwamba mashine ni moja na mtu wa kuiendesha atakuwa mmoja. Mapazia yalikuwa yamepungua. Atakayeshindwa angetafuta kwingine.

Nilidhani najua nani atashindwa.

Kwenye cherehani, sindano imesimama mahali pamoja na mshonaji ndiye anayesogeza kitambaa. Ukitaka mshono uende mbele, unavuta kitambaa nyuma. Ukitaka upinde kulia, unazungusha kitambaa kushoto. Mtu akishafanya hivyo kwa miaka, mikono haiulizi tena. Kwenye mashine ya shingo ndefu mambo yamegeuka. Kitambaa kimekazwa kati ya mabomba mawili ya chuma na hakiendi popote. Unashika vishikio viwili kama vya baiskeli na kutembeza mashine nzima. Sindano ndiyo kalamu.

Mikono yangu ilikataa kuelewa. Nilipotaka unyoya upande juu, nilivuta vishikio kuja kwangu, na unyoya ukashuka. Nilipotaka kuzungusha kichwa cha unyoya kulia, nilikipeleka kushoto, kikagonga unyoya uliotangulia. Mashine haikuwa na kitu cha kupima urefu wa mshono. Ukisukuma haraka, mishono inakuwa mirefu kama ya gunia. Ukisita, inarundikana mahali pamoja na uzi unakatika. Nilifanya makosa yote mawili katika unyoya mmoja.

Fundi wa masanduku aliegemea mlangoni, nyundo mkononi.

"Niaje wasanii. Madam, hii ni kuku gani?"

"Nenda kagonge masanduku yako," Madam alisema.

"Nauliza tu. Kama amekufa tumle, kama ni mgonjwa tumpeleke kwa daktari."

Mwenzangu alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akashika vishikio, akauma mdomo wa chini, akashona manyoya sita. Hayakulingana. Moja lilikuwa nene na lililofuata lilikuwa jembamba, lakini yote yalilala upande mmoja, kama yaliyoota.

"Fundi," aliniambia, kwa maana aliniita hivyo kila mara, nusu kwa heshima nusu kwa utani, "wewe unavuta kitambaa. Hicho hakiji. Fikiria ni kichwa cha mteja. Mteja ameketi, kichwa kimetulia, vidole vyako ndivyo vinatembea. Ukivuta kichwa, si atapiga nduru?"

"Mimi sijawahi kusuka mtu."

"Hata mdoli?"

"Hata mdoli."

"Pole basi, mami."

Maelezo yake yalikuwa sahihi lakini hayakunisaidia. Nilifanya mazoezi kwa sabuni ya kuchorea nguo, juu ya meza, juu ya magazeti, juu ya shuka kuukuu ambazo Madam alitununulia kwenye soko la mitumba la Gikomba. Kwa sabuni nilichora vizuri sana. Nikirudi kwenye vishikio, mikono ilikumbuka cherehani.

Nilipata njia kwa kuzunguka nyuma ya mashine. Huko nyuma kulikuwa na vishikio vingine na kijiti cha chuma kilichoelekea chini, na chini yake meza nyembamba ya kuwekea karatasi. Mama yule mgeni alikuwa ameacha karatasi ndefu zilizochorwa manyoya. Unasimama nyuma, huoni sindano, huoni hata kitambaa vizuri. Unafuatisha mstari wa karatasi kwa kijiti, na mashine inashona kilekile upande wa mbele. Kwa kuwa sikuona kitambaa, mikono haikupata cha kuvuta. Nilifuata mstari tu. Katika wiki moja manyoya yangu yalikuwa yamenyooka, kila moja sawa na mwenzake.

Sasa Madam alikuwa na watu wawili wanaoweza. Mwenzangu alishona kutoka mbele kwa jicho na mkono, na kila unyoya wake ulikuwa tofauti. Mimi nilishona kutoka nyuma kwa karatasi, na yote yalifanana. Wasichana wa mapazia waligawanyika. Wengine walisema yangu yanapendeza kama ya dukani. Wengine walisema yake yana uhai.

Madam hakutaka kuchagua, na sababu yake ilijulikana. Mimi na Madam tulitoka Mkoa wa Kati, na nyanya yangu alifahamiana na mama yake. Mwenzangu alitoka magharibi, ila aliimba na Madam katika kwaya moja ya kanisa, sauti ya pili, wakisimama bega kwa bega. Akinichagua mimi, ingesemwa ni kabila. Akimchagua mwenzangu, ingesemwa ni kwaya. Miaka ile maneno ya namna hiyo hayakuishia karakanani.

Ndipo ikaja kazi ya Fedha. Mteja alikuwa mama aliyewahi kuona kwilti nje ya nchi, na alitaka ya kitanda chake kikubwa, nyeupe kote, bila viraka, yenye manyoya marefu pande zote mbili za kitanda. Madam aliamua papo hapo. Upande mmoja angeshona mwenzangu, wa pili mimi. Mteja angeulizwa upande upi anaupenda zaidi, bila kuambiwa nani alishona nini. Jibu lake lingemaliza mambo.

"Ni sawa?" alituuliza.

"Ni sawa, Madam," mwenzangu alijibu. Nikasema vivyo hivyo.

Kwilti ilifungwa kwenye fremu kwa ubavu, ili upande wake mrefu ulale sambamba na meza. Mwenzangu alianza. Alisimama mbele, akaanza mkono wa kushoto, akaenda nao hadi kulia. Alikuwa akiongea na mashine chini ya pumzi, kwa lugha ya kwao. Alipomaliza, alifuta jasho la shingoni kwa kanga. Upande wake ulizungushwa kwenye bomba, ukafichika ndani. Katikati tulijaza mawimbi mepesi kwa zamu, kazi ya siku kadhaa, na stima ilipotea mara nyingi. Mwishowe ukafika upande wangu.

Nilizunguka nyuma na karatasi yangu. Nilianza mkono wangu wa kushoto, nikaenda kulia, kama nilivyozoea kuandika. Sikukosea hata unyoya mmoja.

Tulipoifungua na kuitandaza juu ya mikeka, Madam ndiye aliyeona kwanza. Alisimama mwisho mmoja, akaenda mwisho wa pili, akarudi.

"Wasichana," alisema. "Hebu njooni hapa."

Mtu aliyesimama nyuma ya mashine anatazamana na aliyesimama mbele. Kushoto kwake ni kulia kwa mwingine. Mwenzangu alianzia mwisho mmoja wa kwilti, mimi nikaanzia mwisho wa pili. Manyoya yake yaliota kuelekea huku, yangu yaliota kuelekea kule. Upande wa kwanza ulikuwa umefichwa ndani ya bomba, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulinganisha.

"Na sasa?" niliuliza.

"Sasa nini? Ukifumua kitambaa cheupe hivi, matundu yanabaki." Madam aliikunja mwenyewe. "Inaenda hivyo hivyo."

Fundi wa masanduku alikuwa mlangoni kama kawaida. "Ni ndege mbili hizo," alisema. "Moja inaenda kazini, moja inatoka."

Madam aliipeleka Fedha mwenyewe, akamweleza mteja kwamba anaomba maoni juu ya pande mbili. Mteja alisema ataishi nayo kidogo kwanza. Baada ya majuma mawili hivi alipiga simu kwenye duka la jirani, Madam akaitwa. Tulimwona kupitia dirishani akiitikia kwa kichwa. Alirudi akaketi kwenye kiti cha pasi.

"Amesema ule upande wa manyoya yanayopanda kwenda kwa mto ndio mzuri. Ule mwingine anauona kama unamwagika chini."

Nilimtazama mwenzangu, naye akanitazama. Nadhani kwa muda mfupi kila mmoja wetu aliamini ameshinda. Kisha mwenzangu akauliza swali ambalo nami nilikuwa nimelifikia.

"Madam, alitandika mwisho upi kwa mto?"

Kwilti ile haikuwa na juu wala chini. Ilikuwa nyeupe kote, pindo lilelile kuzunguka. Ukiitandika hivi, manyoya ya mwenzangu yanapanda na yangu yanashuka. Ukiigeuza, yangu yanapanda na yake yanashuka. Madam alifunika uso kwa viganja.

"Nendeni wote wawili," alisema. "Nendeni pamoja, mwone kwa macho yenu, mrudi na neno moja."

Tulikwenda Jumamosi. Njiani mwenzangu aliniambia kwamba akikosa kazi hii atarudi kusuka, lakini mgongo haumruhusu tena kusimama kutwa. Mimi nilimwambia kwamba lile duka la Umoja lilikwisha kumwajiri mtu mwingine. Hatukuzungumza zaidi juu ya hilo. Tulizungumza juu ya viatu.

Nyumba ya mteja ilikuwa na geti la kijani na ua mdogo. Kwilti ilikuwa imetundikwa uani, imefuliwa, imekunjwa katikati juu ya kamba, miisho yote miwili ikining'inia sawasawa na kudondosha maji.

"Karibuni, karibuni," mama mwenye nyumba alisema. "Nyinyi ndio mafundi? Mikono yenu ibarikiwe."

Mwenzangu alimshukuru, akamweleza taratibu tulichokuja kuuliza: siku aliyopiga simu, mwisho upi ulikuwa kwa mto?

Mama aliitazama kwilti, kisha sisi.

"Kwani ina juu na chini?"

"Haina, Mama. Lakini siku ile uliitandika namna moja."

"Si mimi niliyetandika. Ni msichana wangu wa kazi. Yeye ndiye hutandika kila asubuhi, na mimi nikiingia naikuta hivyo; kama manyoya yanafanana au hayafanani sikuangalia." Alifikiri. "Na kila siku ilikuwa vilevile, manyoya yanapanda upande wa dirisha. Labda yeye alikuwa na alama yake. Alikuwa mtu wa mpango sana."

Upande wa dirisha ungepanda hata kwilti ikigeuzwa, kwa hiyo nilimuuliza kama tungeweza kuzungumza na msichana huyo.

"Ameenda kwao Jumatano. Alisema mamake ni mgonjwa." Mama alikamua pindo la kwilti lililokuwa likidondosha maji. "Alisema atarudi mwisho wa mwezi. Lakini amebeba nguo zake zote."