Triza Hacheki

Triza wa Pumwani alikuwa mtu wa kucheka. Akichekea pale mferejini, wapangaji wa upande wa pili wa ploti walitoa vichwa kuuliza kuna nini. Lakini mimba ilipokuwa kubwa, kicheko kikamgeuka. Akicheka, mkojo unamtoka. Akipiga chafya, unamtoka. Nesi wa kliniki alimwambia asiogope: mtoto anakikandamiza kibofu, na misuli ya huko chini imelegea. Awe akiibana na kuiachilia kila siku, itakazika.

Triza alibana akiosha vyombo. Alibana akimenya viazi.

"Naendelea vizuri," alimwambia mumewe, Opicho. "Bora tu watu wasinichekeshe."

Ndipo Opicho akamleta baba yake kutoka Busia.

Mzee Laban alikuwa amefiwa na mkewe. Huko kwao alijulikana kwa hadithi. Akitokea tu, watu wanamsogezea kiti. Tangu mazishi, kimya. Alikula kidogo, akatazama ukuta.

"Mzee anaisha hivi hivi," Opicho alinong'ona.

Jumapili moja, baada ya chakula, mzee akakohoa.

"Mama," alimwita Triza, vile wazee wa kwao huwaita wake za wana wao, "unamjua Zedekiah?"

"Simjui, baba."

"Siku tuliyomzika mama yenu, kulikuwa na mazishi mengine ng'ambo ya mto. Zedekiah alikuwa anaenda huko. Akapotea, akaja kwetu. Akashika maiki."

Triza akajua kinachokuja. Akabana. Chumba ni kimoja, yeye yuko kwenye kochi, na baba mkwe yuko hapo mbele kwenye stuli. Kujikojolea mbele ya mkwe! Afadhali ahame Nairobi.

"Akasema, ndugu zangu, huyu marehemu alikuwa mwanaume kamili."

Triza aliuma mdomo. Opicho aliinamia sufuria, mabega yakimtetemeka.

"Hucheki, mama?" Uso wa mzee ukaanza kuzimika. "Basi. Labda haichekeshi. Wewe ndiye wa kwanza kuisikia."

Akachukua kikombe, akaugeukia ukuta. Triza akauona ule ukimya unarudi. Ukikaa tena, hautoki. Akalitazama kochi. Akamtazama mzee.

"Baba," alisema, "akasema nini tena?"

Mzee aligeuka polepole. "Alilia, mama. Akasema, zile ndevu zake sitazisahau! Mimi mumewe nimekula na huyo mtu miaka arobaini. Ndevu sijaziona!"

Triza alifungua mdomo, na kila kitu kikafunguka. Alicheka mpaka jirani, Asenath, akagonga ukuta. Kochi likalowa, sakafu nayo. Opicho alisimama na mwiko mkononi, hajui amwombe nani radhi.

Laban aliona. Aliinua stuli, akaigeuza, akakaa akiielekea kalenda ya ukutani, mgongo kwa Triza.

"Nenda ubadilishe, mama. Mama yenu akiwa na mimba ya huyu Opicho, alinipiga marufuku kuongea ndani ya nyumba. Hadithi zote shambani." Akajipangusa macho. "Sasa sikiliza. Pasta naye akasimama..."

"Baba! Ngoja kwanza nitoke!"

"Siwezi kungoja. Nimengoja tangu mazishi."