Hatua za Kufika Dirishani

Juzi, katika chumba cha mazoezi cha hospitali moja mjini Kahama, nilimwona mchimbaji mzee wa Bugarama aliyepasuliwa moyo wiki tatu zilizopita. Alikuwa amekumbatia mto kifuani ili kulinda mshono, jasho likimtoka kabla hata hajainuka.

"Baba, twende mpaka dirishani," mtaalamu wa mazoezi alimwambia.

"Binti yangu, mshono ukiachia je?"

"Hautaachia. Nimekushika."

Mkewe, aliyeketi kando, alifumba macho. Mzee akapiga hatua tatu, akasimama ghafla. "Moyo unadunda! Unadunda sana!"

"Ndiyo kazi yake, baba."

Alifika dirishani, akalia. Miaka yote alishuka shimoni kwa kamba, sasa anaogopa sakafu. Sikumcheka. Aliyefuata kuitwa nilikuwa mimi, na mto wangu.