Mvunja Barafu wa Terweyde

Mwaka huu handaki la maji linaloizunguka ngome ya Terweyde limeganda kimya. Asubuhi husikii tena ile puu, puu ya michi juu ya barafu, wala sauti ya mwanamke akiwauliza vijana kama mama zao walizaa watu au magunia. Theluji imejilaza juu ya maji, na kunguru wanatembea pale ambapo zamani hata paka hakuthubutu.

Sauti ile ilikuwa ya Machteld, mjane wa Wouter. Kipande chake cha shamba alikipata kwa bwana wa ngome kwa sharti la tangu enzi za babu: baridi ikiingia, mwenye shamba atavunja barafu ya handaki. Kiangazi maji yale hayakuhitaji mtu. Aliyevaa chuma hawezi kuyaogelea, ngazi haifiki ukutani, na anayechimba chini ya ukuta hujaziwa shimo lake matope. Lakini Januari maji hugeuka sakafu, na adui akapata barabara bila kuomba. Machteld aliijua hofu hiyo kama mtu anavyoujua ufa wa nyumba yake.

Kisha ukaja mwaka ambao Rase, bwana wa ng'ambo ya mto, aliizingira ngome. Wanakijiji walikimbilia ndani na ng'ombe wao, bata bukini na mitungi ya siagi. Lijsbet, binti pekee wa Machteld, alikuwa amelala jikoni mwa ngome karibu na moto, mimba yake imetimia. Huyo asingeweza kukimbia popote. Kila Machteld aliposhika mchi wake mrefu na kushuka kwenye mtumbwi bapa, alikuwa akimpigania huyo.

Baridi ilikuja kavu, ya kukata masikio. Walipovunja upande mmoja, ule wa nyuma yao ulikuwa umeshaanza kushikana. Jioni vijana aliovunja nao barafu walikuwa wamevimba mikono, hawawezi hata kushika kijiko. Joos, msimamizi wa ngome, akamfuata uani.

"Mama Machteld, kesho itakuwaje?"

"Tutavunja pande tatu."

"Na wa nne?"

"Upande wa vyoo niachieni."

"Umekunywa nini wewe?"

"Joos, kila asubuhi unakaa pale juu unaimba. Hujawahi kuchungulia chini?"

Watu wakaangua kicheko. Joos akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Chini ya vile vitundu vya vyoo ukutani hapajawahi kuganda sawasawa," Machteld akaendelea. "Jikoni wanamwaga maji ya moto, na sisi tunamwaga yetu. Juu pana ngozi tu ya barafu."

"Na Rase akijua?"

"Atajuaje? Amewahi kualikwa?" Akamgeukia mpishi. "Kaka, pika supu ya njegere. Sufuria ile kubwa. Kila mtu ale mpaka aombe msamaha."

Walikula. Walikwenda vyooni. Walirudi wakala tena. Theluji ikaanguka taratibu, ikafunika kila kitu kwa usafi wa uongo. Ila Machteld, kichwa cha binti yake kikiwa mapajani, hakucheka tena. Barafu ile alikuwa akiitazama tu kila mwaka. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuikanyaga.

Kulipopambazuka watu wa Rase walikuja, wamejifunika mashuka meupe, ngazi mabegani. Wakaona pande tatu maji meusi yaliyo wazi, na wa nne mweupe, laini, usio na mlinzi. Wakauchagua huo. Hatua za kwanza barafu ikawabeba. Machteld, juu ukutani, aliinama kuhesabu hatua zao. Mwenye ngazi akafika katikati.

Ndipo barafu ikalia krraa, ndefu, kama shuka linalochanwa.

Harufu ilipanda hadi ukutani kabla ya mayowe. Joos akainama kwenye kitundu chake, akapaza sauti: "Karibuni wageni! Foleni jamani, msisukumane!"

Waliobaki ukingoni waliwavuta wenzao kwa ngazi zilezile. Mmoja alikuwa ameng'ang'ania jiwe la ukuta, analia.

"Mama, nitupie kamba!"

"Mama yako yuko wapi akuone hivi?" Machteld akamjibu, na kamba akamtupia. "Mvueni kila kitu. Huyu haingii jikoni kwa mwanangu na nguo hizo."

Katika baridi ile nguo zilizolowa huganda mwilini kabla hazijakauka. Kabla ya saa sita mchana watu wa Rase walikuwa wanafungasha mahema, na upepo ulikuwa unawaletea vicheko vya ngome nzima. Lijsbet naye alicheka mpaka uchungu ukamshika, na mtoto wa kike akazaliwa huku bata bukini wakipiga kelele mlangoni.

Miaka ilipita, amani ikapatikana, bwana wa ngome akahamia mjini na shamba akapewa mwingine bila sharti la kuvunja barafu. Machteld sasa anaishi mji wa Bruges kwa Lijsbet, karibu na soko la samaki, na kila Ijumaa anauza mikunga iliyokaushwa kwa moshi.