Firigisi Kwenye Kioo cha Sola

Nichekeni tu, jamani. Kwenye maabara ya chuo hapa Kakamega, mimi hupaka kioo utando wenye vitundu vidogo mno, kisha huvijaza rangi ya mimea ili jua litoe umeme. Siku ya kuonyesha wageni, mama alifika kutoka Shinyalu na firigisi ya kuku, ile ambayo kwetu huliwa na baba pekee. Ningeikataaje? Nikavua glavu, nikala, nikashika kioo. Rangi ikagoma kuingia. Nikailaumu mbele ya wageni, nikalaumu hata mvua. Mwalimu akainua kioo dirishani, akaona alama ya kidole ikimeremeta mafuta.

"Nani amekula kuku humu?"

Mama akasimama kwa fahari. "Si kuku tu, mwalimu, ni firigisi. Babake ndiye alisema apewe."