Ubani wa Chumba cha Pembeni

Kazi yangu ya kwanza Uingereza ilikuwa kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni ya kale, Sutton Coldfield. Boriti zimepinda, sakafu inalia ukiikanyaga. Chini baa, juu vyumba. Baa siigusi, nililisema hilo siku ya kwanza na mzee mwenye nyumba akakubali.

Mzee yule alikuwa akiishi kwa hadithi. Kila mgeni alisimuliwa habari za mtumishi wa kike wa enzi za magari ya farasi, aliyeahidiwa ndoa na msafiri, akamngoja dirishani mpaka akafa. Eti mpaka leo yumo chumba cha pembeni, anashusha pumzi nyuma ya pazia. Watu walitoka mbali kuja kulala mle, na mshahara wangu ulitoka humo humo.

Mie habari ile ilinichoma. Masikini, mtoto wa watu, miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wa kumwambia basi! Kwetu Unguja nyumba ikiwa nzito hufukizwa. Alhamisi moja nikaja na chetezo, makaa na ubani kutoka maduka ya Waislamu ya Small Heath, nikakivisha king'ora cha moshi mfuko wa plastiki, nikasoma nilichojaaliwa, nikafukiza kila pembe, hata kabatini. Nikamwambia, "Mwanangu, huyo haji. Nenda kapumzike."

Loo! Akaenda kweli. Wageni wakaanza kulalama kwamba wamelala fofofo, hawakusikia kitu. Chumba kikawa kitupu. Mzee hali hanywi, akaniambia mambo yakiendelea hivi atafunga.

Nilipomsimulia shangazi yangu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Umemfukuza anayekulisha! Haya, mrudishe." Nimrudishe vipi, na sijui alikokwenda? Niliogopa, wallahi.

Baridi ikaingia. Asubuhi moja mgeni akashuka mbio: usiku alitoa blanketi la akiba kabatini, akajifunika, na chumba kizima kikanukia marashi ya ajabu. "Alikuwapo!" Mzee akapanda, akalinusa blanketi. Akashuka, akapita karibu na mtandio wangu, akanusa tena. Nikajua kazi sina.

"Alhamisi," akasema taratibu, "utakuja, siyo?"

Nikaja na chetezo changu, na Alhamisi zote zilizofuata. Chumba kikajaa tena. Siku moja, niko ngazini na mashuka yangu, nikamsikia mzee akimsimulia mgeni: yule msafiri, bwana, mwishowe alirudi, tena na zawadi ya ubani kutoka ng'ambo. Nikafurahi utadhani nimeolewa mie.