Radhi Ambayo Hatukuiomba

Jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki hapa Msamala husali Jumamosi asubuhi, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Baada ya Injili kila mtu hushirikisha neno lililomgusa. Wengi wetu huguswa na neno lile lile, hasa harufu ya chai ikishaanza kutoka jikoni.

Siku hiyo Injili ilihusu mgonjwa aliyeponywa. Zamu ilipomfikia binti yangu wa miaka kumi na mitano, alisema, "Mimi halijanigusa. Bibi tulimsalia novena tatu, siku tisa kila moja, tukaenda kumzika kijijini Mpitimbi. Nauliza tu, Mungu alikuwa anasikiliza?"

Watu wakakohoa. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima ninayemwamkia shikamoo, akanigeukia mimi.

"Nyie wasomi ndio mnaoharibu watoto! Fomu yake ya kipaimara siigusi mpaka aombe radhi mbele ya wote."

Bila sahihi yake, paroko hampokei mtoto. Zilibaki wiki tatu.

Nikafanya kitu pekee nilichotoka nacho chuo kikuu: nikaandika. Radhi ya aya tatu, yenye "kwa unyenyekevu mkubwa" mara mbili. Chuoni nako niliwahi kuacha kusali miaka miwili, kwa sababu za kifalsafa, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu. Ukweli ni kwamba misa ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Binti aliacha kuchambua mchele, akaisoma yote.

"Umeandika vizuri, mama."

"Asante."

"Ila si kweli. Nidanganye mbele ya msalaba ili nipewe Roho Mtakatifu?"

Miaka yote nimemfundisha kupiga magoti, kufumba macho na kunyamaza. Kuuliza kajifunza mwenyewe, na swali lake lilikuwa sala ya kweli kuliko zote nilizosikia katika jumuiya ile, zangu zikiwemo. Karatasi nikawashia mkaa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda, tukakaa mkeka wa mbele.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele, amina." Wakasubiri.

"Shikamoo, mama mwenyekiti. Radhi hatukuja nayo. Swali la huyu mtoto ni langu pia, nimelikalia kimya tangu msiba."

"Basi kipaimara mtakisikia mwakani!"

"Tutasubiri hapa hapa, bibi," binti akamjibu kwa adabu zote. "Kila Jumamosi."

Hakutia sahihi. Kipaimara kimepita, wenzake wamepakwa mafuta, na fomu yake tupu imekaa ndani ya Biblia yetu, kwenye ukurasa wa yule mgonjwa. Hatujakosa Jumamosi hata moja.

Kesho zamu ni yetu. Mikeka nimeikung'uta, mihogo imemenywa. Injili atasoma yeye. Na ukifika wakati wa kushirikisha, mama mwenyekiti akiwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote nilivyonavyo, atakayeanza kuuliza ni mimi.